Mafigo ya Mtu Anayemeza Dawa ya Ini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa Kitui na Makueni. Tunaichapa kama ilivyosemwa, pamoja na maswali yaliyoulizwa mwishoni, kwa kuwa wengi waliokuwa zamu siku ile wameiomba.)



Katibu aliponipigia simu aliniambia, "Njoo utueleze habari za mafigo, lakini usituletee Kiingereza cha hospitali." Nitajaribu. Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu ni kupima damu na mikojo ya watu, wala si kuandika dawa. Kwa hiyo maneno yangu ya leo ni ya kumsaidia mtu ajue la kumwuliza daktari wake. Asitoke mtu hapa akaenda kugeuza dawa yake mwenyewe kwa kuwa alinisikia mimi.

Najua ya kuwa katika chumba hiki wamo watu wanaomeza kidonge kimoja kila siku kwa ajili ya homa ya ini aina ya B. Siwajui, wala sitaki kuwajua leo. Lakini nazungumza nao, na kwa wengine nazungumza kwa sababu ndugu zao, wake zao na waume zao wamo katika hesabu hiyo.

Sisi wa Ukambani hatuwezi kutaja ini bila kukumbuka mwaka 2004. Tangu Januari mpaka tarehe 20 Julai mwaka ule waliandikwa wagonjwa 317 waliopata macho ya manjano na matumbo kujaa maji, na katika hao 125 walikufa. Wengi walitoka Makueni na Kitui, na wengine Machakos na Thika. Sumu ilikuwa ndani ya mahindi. Ni sumu inayotengenezwa na ukungu, nasi siku hizi twaiita sumukuvu. Wataalamu huiita aflatoksini. Katika sampuli 342 za mahindi zilizopimwa katika wilaya zile, 182 zilipita kiasi cha 20 katika bilioni, ambacho ndicho kilikuwa mpaka wa sheria wakati ule. Katika Makueni, sampuli 12 hivi katika kila mia zilipita 1,000. Hebu fikirini: mara 50 ya kiasi kilichoruhusiwa, na mtu anapikia watoto wake ugali. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos ambayo wakati ule Makueni ilikuwa ndani yake, wagonjwa 20 waliandikwa kwa sumu hiyo hiyo na 12 wakafa.

Hayo mnayajua, na baadhi yenu mlizika. Lakini liko jambo jingine ambalo halikufika sana vijijini. Wachunguzi waliokuja 2004 walichukua wagonjwa 40 na watu wazima wa afya 80 wa vijiji hivyo hivyo, wakawalinganisha. Waliona kwamba wagonjwa walikuwa wameweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba, si ghalani. Hilo lilitazamiwa. Lakini waliona pia ya kuwa alama ya homa ya ini aina ya B ilikuwa katika damu ya wagonjwa mara nyingi zaidi kuliko katika damu ya wale wazima. Yaani ini lililokwisha kushambuliwa na virusi halikuweza kustahimili sumu ile.

Na hata pale ambapo sumu ni kidogo, isiyomwua mtu kwa wiki moja, mambo hayo mawili husaidiana kufanya uharibifu wa polepole. Uchunguzi mkubwa uliofanywa kwa wanaume wa Shanghai, katika China, ukatangazwa miaka ya 1992 na 1994, ulionyesha hivi: mtu mwenye sumukuvu peke yake alikuwa na hatari ya saratani ya ini karibu mara 3 kuliko mtu asiye na chochote, mwenye virusi vya B peke yake, karibu mara 7, lakini mwenye vyote viwili, karibu mara 60. Mtu angetazamia 3 na 7 zijumlishwe ziwe 10, au zizidishwe ziwe 21. La, ilikuwa 60.

Nimeanza na mahindi nanyi mliniita kwa mafigo. Ngojeni, tunafika.

Kwa sababu ya hatari hiyo, mtu wa hapa kwetu aliye na virusi vya B na ini limeanza kuumia, yafaa sana atibiwe. Virusi hivi viligunduliwa katika damu kwa kazi ya daktari Mmarekani, Baruch Blumberg, katika miaka ya 1960, naye alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1976. Huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, kwa wembe au sindano iliyotumiwa na mwingine, na zaidi ya yote mama humpa mtoto wakati wa kuzaa. Haviambukizwi kwa kusalimiana, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kulala chumba kimoja cha kambi. Naomba mlishike neno hilo, maana nitalirudia. Mtoto mchanga akiambukizwa, katika kila 10 kama 9 watakaa navyo maisha yao yote. Mtu mzima akiambukizwa, walio wengi mwili huvifukuza wenyewe. Ndiyo sababu mtu wa miaka 40 huambiwa ana virusi hivi naye akashangaa, akaanza kumshuku mkewe, kumbe amekuwa navyo tangu alipozaliwa.

Dawa inayotumika zaidi ni tenofoviri. Mzizi wake ulitoka kwa mwanakemia wa Prague, Antonín Holý, aliyefanya kazi pamoja na wenzake wa Ubelgiji. Kwanza ilitumiwa kwa UKIMWI, na mwaka 2008 ikakubaliwa Ulaya na Marekani kwa homa ya ini aina ya B pia. Ni dawa nzuri. Virusi huzoea dawa nyingine, lakini hii ni vigumu sana kuizoea. Hupunguza virusi mpaka kipimo kisivione, ini hupata nafasi ya kujitengeneza, na hatari ya saratani hushuka. Ila haivimalizi. Virusi hujificha ndani kabisa ya chembe za ini na kungoja. Kwa hiyo mtu humeza kidonge mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, wa kumi. Wengi ni maisha.

Basi dawa inayomezwa kila siku kwa miaka kumi lazima itoke mwilini kwa njia fulani. Nayo hutokea kwenye mafigo.

Kila mtu hapa amewahi kumwona karani wa stoo anayehesabu mali mwisho wa mwezi. Hatafuti takataka moja moja ndani ya rafu. Anatoa kila kitu nje sakafuni, kisha anarudisha vile vizuri, na vilivyobaki hutupwa. Figo hufanya vivyo hivyo. Kwa siku moja mafigo mawili huchuja maji ya lita 180 hivi kutoka katika damu, kisha mirija midogo mno hurudisha karibu yote: maji, sukari, chumvi, na madini ya fosfeti ambayo mifupa huyahitaji. Kinachobaki, lita moja au mbili, ndicho mkojo.

Tenofoviri hupita katika mirija hiyo, na chembe za mirija huivuta ndani ili ziitupe nje. Kwa watu wengi hupita salama miaka na miaka. Sitaki mtu aondoke hapa akisema nimesema dawa ni sumu. Lakini kwa watu wachache hujaa ndani ya chembe zile kuliko zinavyoweza kuitoa, nazo huchoka. Hapo karani huanza kutupa mali nzuri. Sukari huonekana katika mkojo ingawa sukari ya damu ni ya kawaida. Protini hupita. Fosfeti hupotea, na baada ya muda mtu huanza kuumwa na mifupa ya nyonga, mbavu na miguu, naye hudhani ni uzee au ni kazi. Na mwishowe kuchuja kwenyewe hupungua.

Ubaya wa figo ni kwamba halilii. Jino likiuma utajua usiku huo huo. Figo huweza kupoteza nusu ya nguvu zake na mtu akaenda kazini kama kawaida. Ndiyo maana twapima, wala hatungoji maumivu.

Tunapima nini? Kuna kipimo cha kijiti kinachotiwa katika mkojo, kikabadilika rangi kama kuna protini au sukari au damu. Ni kipimo rahisi, na hata zahanati ndogo huweza kuwa nacho. Kisha kuna kipimo cha damu kinachoitwa kreatinini. Kreatinini ni taka inayotoka katika misuli ya mtu kila siku, na figo huiondoa. Figo likilegea, taka hiyo hupanda katika damu. Kwa mwanamume mzima hesabu ya kawaida ni kama 60 mpaka 110, kwa kipimo cha maikromoli katika lita.

Sasa hapa nataka mnisikilize vizuri, maana ndipo watu wengi hudanganyika, na wakati mwingine hata sisi wa hospitali hudanganyika tukiwa na foleni ndefu.

Chukueni watu wawili. Wa kwanza ni kijana wa miaka 28, mpakiaji wa mizigo, kilo 80, misuli kama ng'ombe wa plau. Wa pili ni mzee wa miaka 60, mlinzi wa usiku, kilo 50. Wote wawili wamepimwa, na karatasi zao zinasema kreatinini 105. Karatasi zote mbili zitaandikwa "kawaida". Lakini iko kanuni ya hesabu iliyotangazwa na Cockcroft na Gault mwaka 1976. Toa miaka ya mtu katika 140. Zidisha kwa kilo zake. Zidisha tena kwa 1.23 kama ni mwanamume, au 1.04 kama ni mwanamke. Kisha gawanya kwa kreatinini. Fanyeni kwa yule kijana: 112 mara 80 mara 1.23, gawanya kwa 105. Jibu ni 105. Mafigo yake ni mazima kabisa. Fanyeni kwa mzee: 80 mara 50 mara 1.23, gawanya kwa 105. Jibu ni 47.

Mafigo ya mzee yana nguvu chini ya nusu ya yale ya kijana, na karatasi ya maabara imesema neno moja kwa wote wawili. Misuli ya mzee ni michache, hutoa taka kidogo, kwa hiyo taka haionekani imepanda. Na 47 si hesabu ndogo ya kupuuzwa, kwa maana vitabu vya dawa vinasema ikishuka chini ya 50 tenofoviri haifai kumezwa kila siku kama kawaida.

Siku hizi mashine nyingi hufanya hesabu yake zenyewe kwa kanuni mpya zaidi na kuiandika chini ya karatasi. Itazameni hesabu hiyo. Kama haipo, mwulize daktari: "Ukiweka umri wangu na uzito wangu, mafigo yangu ni ngapi?" Hilo si swali la ujeuri. Na mhakikishe mmepimwa uzito siku hiyo, si kuandikiwa uzito wa mwaka juzi.

Jambo jingine ni kutunza karatasi. Nunua daftari la shule, gundisha kila karatasi humo na tarehe yake. Kreatinini ya 95 leo yaweza kuwa salama. Lakini kama miaka mitatu iliyopita ilikuwa 62, basi kuna kitu kinatembea. Hospitali huhamisha madaktari, faili hupotea, mashine hubadilishwa, na mfanya kazi mwenyewe huhamishwa kutoka Mwingi kwenda Mtito Andei. Daftari lako halihamishwi.

Lini mtu apimwe? Kwanza kabla hajameza kidonge cha kwanza, ili pawe na hesabu ya kulinganishia. Baada ya hapo angalau mara moja kwa mwaka. Lakini wako ambao mwaka ni mrefu mno kwao: wenye sukari, wenye presha, waliopita miaka 50, waliokwisha kuwa na ugonjwa wa figo, wenye ini lililosinyaa, na wanaomeza dawa nyingine zinazoumiza mafigo. Hao huitwa kila miezi 6, au hata kila miezi 3, kwa jinsi daktari atakavyoona. Na ifahamike kwamba virusi vya B vyenyewe huweza kuumiza mafigo hata bila dawa yoyote, kwa hiyo kukataa dawa si njia ya kuyaokoa.

Sasa nije kwenye kazi zetu. Nchi yetu ni ya jua. Mkata mkonge wa Kibwezi, mchimba mchanga wa mto, fundi wa mawe, mtu wa barabara, wote hutoka jasho tangu asubuhi, na wengi hunywa maji mara mbili tu kwa siku kwa kuwa mtungi uko mbali au nyapara hataki watu waende kwenda. Jioni mgongo unauma. Anakwenda dukani, ananunua diklofenaki au ibuprofeni, anameza mbili, kesho tena mbili. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayoingia katika figo. Mwili usio na maji hupunguza damu hiyo tena. Na ndani ya mirija mnakaa tenofoviri inayongoja kutolewa. Mambo matatu yakikutana, figo laweza kuanguka kwa siku chache.

Nilimpima fundi wa mawe mmoja aliyekuwa amemeza dawa ya ini miaka minne bila shida yoyote. Kila mwaka kreatinini yake ilikuwa 80 na kitu. Mwaka ule ilikuja 190. Nikadhani nimechanganya chupa, nikapima tena. Ilikuwa 190. Daktari alimhoji nusu saa nzima mpaka akasema kwamba tangu wiki tatu alikuwa akichomwa sindano za mgongo dukani na kumeza vidonge vya maumivu juu yake. Hakuona ni jambo la kumwambia daktari wa ini, maana mgongo si ini. Alizuiwa dawa zile za maumivu, akaongezewa maji, dawa yake ya ini ikageuzwa. Baada ya miezi alirudi mpaka 100 na kidogo. Hakurudi 80.

Kwa maumivu, mwenye dawa ya ini amwulize daktari au mfamasia juu ya parasetamoli na kiasi chake, kwa maana nayo ikizidishwa huumiza ini. Na kila anapokwenda duka la dawa aseme: "Mimi nameza tenofoviri." Maneno matatu tu.

Liko kosa jingine lililo baya kuliko hilo, nalo ni kuacha dawa ghafla. Mtu husikia habari za mafigo, au hujisikia mzima, au hukosa nauli, akaacha. Virusi vilivyokuwa vimefungwa hutoka vyote kwa pamoja, na mwili huvishambulia ndani ya ini, na ini huwaka. Wengine hufa kwa jambo hili, hasa wale ambao ini lao lilikwisha kusinyaa. Kwa hiyo mafigo yakipungua, dawa haiachwi bali hubadilishwa. Daktari aweza kukuambia umeze kidonge kila baada ya saa 48 badala ya kila siku, kama hesabu yako iko kati ya 30 na 49. Aweza kukuhamisha kwenye entekaviri, ambayo haiumizi mirija kwa namna ile, ingawa nayo hupunguzwa kipimo mafigo yakishuka. Au kuna tenofoviri ya namna mpya, yenye kipimo cha miligramu 25 badala ya 300, ambayo hukaa kidogo sana katika damu na kuingia zaidi katika ini. Mafigo na mifupa huionea nafuu. Ipi kati ya hizo, ni kazi ya daktari.

Kadhalika wenye UKIMWI pamoja na homa ya ini wakumbuke kwamba tenofoviri imo ndani ya kidonge chao cha kila siku na inafanya kazi mbili. Kliniki ikitaka kukubadilishia, wakumbushe habari ya ini.

Sasa mambo ya chama, maana sikuja hapa kuwa hospitali ya pili.

Kwanza siku za kliniki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika miezi 12, akileta cheti cha daktari. Mtu wa kliniki ya mara nne kwa mwaka, anayetoka ndani ya Kitui kwenda hospitali kubwa na kurudi, atamaliza siku hizo naye hajaugua hata siku moja. Naona mapatano yajayo yaweke siku za kupimwa mbali na siku za ugonjwa. Waajiri watasema ni gharama. Kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki ndiyo gharama, na mtu huyo huwa haendi kazini tena kama zamani.

Pili ni siri na heshima. Kuna mahali pa kazi ambapo mpishi wa kantini aliondolewa kwa sababu karatasi yake ilionyesha homa ya ini aina ya B. Sipataji, shauri lake lingali mbele ya wakubwa wetu. Nawaambia tena: ugonjwa huu hauambukizwi kwa chakula. Ile inayoambukizwa kwa chakula kichafu ni homa ya ini aina ya A na aina ya E, na ni virusi vingine kabisa. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza mtu kubaguliwa kwa hali ya afya yake. Msimamizi wa tawi akiona jambo kama hili asingoje mkutano wa mwezi.

Tatu ni maji. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa mahali panapofikika. Pipa moja lililo mwendo wa robo saa halifikiki.

Nne ni posho. Pale kampuni inapopikia watu, mahindi yapimwe. Mpaka wa sheria sasa ni 10 katika bilioni. Tuombe kuonyeshwa karatasi ya kipimo, kama vile tunavyoonyeshwa karatasi ya mshahara.

Tano ni fedha. Tangu Oktoba 2024 tunakatwa 2.75 kwa mia ya mshahara kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa bima ile ya zamani. Makueni walikwisha kujaribu njia yao mwaka 2016, nyumba moja kulipa Sh. 500 kwa mwaka, na watu wengi walikwenda hospitali waliokuwa hawaendi. Sasa kila tawi liandike barua kuuliza: kipimo cha kreatinini na dawa ya ini vinalipwa wapi, na kwa kiasi gani? Tupate jibu kwa maandishi, tulichape humu.

Na chanjo nisiisahau. Watoto wa Kenya wamekuwa wakichanjwa juu ya virusi hivi tangu mwishoni mwa 2001, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Sisi wengi tuliozaliwa kabla hatukuchanjwa. Mwenye virusi nyumbani, wote wengine wapimwe, na wasio navyo wachanjwe mara tatu. Mama mwenye mimba apimwe. Akiwa navyo awaambie mapema, ili mtoto apate chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa.

MASWALI

Mwanachama wa Makindu aliuliza kama kunywa maji mengi sana kunaweza kuosha dawa katika mafigo. Jibu: Hapana. Maji ya kutosha hulinda figo lisikaukiwe. Maji ya kupita kiasi hayaongezi kitu. Tazama mkojo wako: ukiwa mweusi kama chai ya rangi mchana kutwa, hukunywa vya kutosha. Lakini ukiwa mweusi hivyo na macho yakawa manjano, hilo ni ini, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mama mmoja wa Mutomo aliuliza juu ya dawa ya miti ambayo mumewe anainywa pamoja na kidonge. Jibu: Mama, sitasema miti yote ni mibaya, maana siijui yote. Lakini kila kinachonywewa hupita katika ini na wakati wa kutoka hupita katika figo, na mimi siwezi kupima kilichomo ndani ya chupa ile. Mwambie aje nayo kliniki aionyeshe. Kama hataki kuionyesha, basi aiache mpaka apimwe.

Mzee mmoja wa Kitui aliuliza kama mahindi yenye ukungu yakikobolewa yawe muthokoi sumu huisha. Jibu: Hupungua, kwa sababu sehemu kubwa iko katika ganda na kiini, lakini haiishi. Wala kuchemsha hakuiondoi, moto wa jikoni hauiwezi. Na mahindi huweza kuwa na sumu bila kuonekana ukungu. Mwenye virusi vya B asile mahindi ya mashaka hata yakikobolewa, na ng'ombe wa maziwa asipewe, maana sumu hutokea katika maziwa. Kausheni juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka unyevu uwe 13.5 kwa mia au chini. Asiye na mashine ya kupimia atie punje na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, aitikise, aiache robo saa. Chumvi ikishika ubavuni mwa chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani.